Wasifu wa mjomba ulisema "shughuli ndogondogo"

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Iringa mjini, ingawa jambo lenyewe liko Mafinga, nyumbani kwa mjomba wangu, mdogo wake mama. Alifariki mwaka jana mwezi wa kumi kwa kiharusi, alilazwa siku mbili tu. Mimi nina miaka 34, kazi yangu ni uhasibu. Kwenye ukoo wetu mwenye kazi ya ofisini ndiye anayepewa kalamu, kwa hiyo usiku wa kuamkia mazishi wazee waliniita, wakanipa karatasi mbili na kuniambia, "Mama, hebu tuandikie wasifu wa marehemu." Nikaandika kama zinavyoandikwa zote. Marehemu alizaliwa mwaka 1961, mtoto wa nne kati ya saba. Alipata elimu ya msingi hadi darasa la saba. Alifunga ndoa na kujaliwa watoto wawili. Nilipofika kwenye kazi nikakwama. Mjomba mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema, "Andika alijishughulisha na shughuli ndogondogo." Nikaandika. Kesho yake ulisomwa, hata dakika tatu haukumaliza, tukaenda kuzika.

Shangazi, maneno hayo mawili hayajaniacha tangu siku ile.

Mjomba alikuwa mchora mabango. Kama umewahi kupita Mafinga miaka ya nyuma, ukaona bango la kinyozi lenye kichwa cha mtu mwenye masikio makubwa kidogo, ujue ni mkono wake. Masikio yale yalikuwa ya babu, baba yake. Kila kichwa alichochora alikipa masikio ya babu. Na herufi R yake ilikuwa na mguu mrefu uliotangulia mbele, kama mtu anayeanza kutembea. Tukiwa kwenye basi na mama tulikuwa tunazihesabu R za mjomba barabarani. Alichora mashine za kusaga, maduka ya dawa, magenge, na ukuta wa darasa la kwanza wa shule moja, herufi zote kutoka A hadi Z na picha zake, bila kulipwa. Mbao mbovu alizipata kwenye viwanda vya kupasua magogo, yale mabanzi yanayotupwa, na mabanzi hayohayo yaliyokuwa hayafai kwa bango akatutengenezea magari. Lori langu lilikuwa na matairi ya ndala na usukani uliogeuza magurudumu kwelikweli. Mimi ni msichana, na mjomba mkubwa alisema magari ni ya wavulana. Mjomba akanitengenezea la pili, lenye tela.

Halafu kuna kanda. Alikuwa na redio kaseti, akiifunga kwenye shuka na kupanda nayo basi hadi Kalenga, Ifunda, mpaka huko Kilolo, kuwarekodi wazee waliokuwa bado wanapiga ligombo, ile ala ya nyuzi ya Wahehe. Wengine wote walikuwa wakinunua kanda za kusikiliza, yeye ananunua kanda tupu. Zimebaki 14. Zimeandikwa kwa mwandiko wake, "Mzee wa Kalenga, 1989", "Kwaya, Pasaka", moja imeandikwa tu "USIFUTE", na moja haina kitu.

Hapa ndipo moyo wangu unaponiuma. Kwa miaka miwili mjomba alikuwa ananiomba nimpelekee kompyuta tuzihamishe. "Mwanangu, hizi kanda zinazeeka kama mimi." Kila likizo nilisema likizo ijayo. Baada ya mazishi niliomba moja, nikaipiga kwenye gari la zamani la rafiki yangu. Ikaanza kukwaruza, halafu sauti ya mjomba ikasema, "Kamwene," salamu ya kwetu, akakohoa. Nikazima. Sijaweza kuirudia mpaka leo.

Sasa mwezi wa kumi unatimia mwaka. Kutakuwa na misa na kujengea kaburi. Mjomba mkubwa amepanga kaburi la malumalu, milioni mbili, na kila mtu ameandikiwa mchango wake. Nimeambiwa tena niandike wasifu. Nilipomwambia mjomba mkubwa kwamba safari hii nitaandika habari za mabango na kanda, akasema sawa, lakini nikifungua mlango huo na mengine yataingia. Anayoyasema ni kweli. Mjomba alipenda ulanzi, pombe ya mianzi. Msimu wake ukifika, kazi za watu zilikuwa zinalala. Alikuwa anapokea fedha ya awali, bango halionekani. Siku ya msiba kuna mama mmoja wa mgahawa alikuja kusema alimpa mjomba elfu arobaini ya bango, akafukuzwa kama mwizi. Mjomba mkubwa anasema msiba si mahali pa kumwanika marehemu, tumwombee apumzike.

Nilikwenda Mafinga mwezi uliopita. Mabango yaliyokuwa yamebaki nyumbani, mke wa mjomba ameyapigilia kwenye banda la kuku. Nilikuta kichwa cha babu kimegeuzwa chini juu, kuku wanakidonoa. Nilitoka nje nikalia, na nadhani aliona, maana tangu hapo hanipigii simu. Watoto wake wako Dar es Salaam, mmoja anasema vile vitu vitupwe tu, mwingine hajibu.

Nifanye nini, Shangazi? Nafikiria nisitoe mchango wa malumalu, fedha hiyo niitumie kuokoa kanda. Nafikiria niende nikazichukue kanda zote kabla hazijatupwa. Na wasifu sijui nauandikaje. Nikiandika yote nitamwaibisha, nikiandika nusu nitakuwa nimerudia shughuli ndogondogo kwa maneno mengine.

Mpwa wake, Iringa

*

Marahaba mwanangu. Pole sana. Na mama yako umfikishie pole, maana wewe umefiwa na mjomba, yeye amefiwa na mtoto aliyewahi kumbeba mgongoni.

Umeniuliza ya kanda, ya mbao na ya kaburi, na yote nitayagusa. Lakini nitaanza na lile uliloliandika kwa sentensi moja ukalipita, yule mama wa elfu arobaini. Kwenye misiba yetu kuna wakati mtu husimama na kutangaza kwamba yeyote aliyekuwa anamdai marehemu, au aliyekuwa anadaiwa naye, aonane na familia. Hatutangazi kwa mazoea tu. Tunatangaza kwa sababu tunaamini mtu asizikwe na cha mwenzake. Yule mama aliitwa, akaja, akafukuzwa. Mtafute. Mpelekee elfu arobaini yake kwa mikono miwili, na umwombe radhi kwa jinsi alivyopokelewa. Halafu muulize bango lilikuwa liandikwe nini. Mjomba wako lazima alimchorea hata kwa kidole mezani litakavyokuwa, wachora mabango ndivyo walivyo, na huyo mama anakumbuka. Utakuwa umepata kazi ya mwisho ya mjomba wako, ile ambayo haikuchorwa. Katika barua yako nzima hakuna mtu mwingine mwenye habari hiyo, na ndiye mliyemfukuza.

Ukishalipa, hofu ya mjomba wako mkubwa inapungua nusu. Usimwone mzee huyo ni mtu mbaya. Anamlinda mdogo wake kwa njia anayoijua. Alimwona akidharauliwa kwa sababu ya ulanzi, na akili yake inamwambia kwamba kumheshimu ni kunyamaza. Ila nadhani amesahau kitu ambacho wazee wake walikijua vizuri.

Nilikuwa na miaka 11 baba yangu mkubwa alipofariki, kwetu upande wa Njombe. Siku ya pili walikuja watani. Mmoja alichukua koti la marehemu lililokuwa linaning'inia ukutani, akalivaa, akaweka kofia upande kama alivyokuwa akiivaa, akapita katikati ya waombolezaji akiuburuza mguu wa kushoto. Akaanza kudai pombe. Akaanza kuwagombeza watoto kwa sauti ileile ya puani. Shangazi zangu waliokuwa wamelia hadi wamekauka wakaanza kucheka, wakacheka na machozi yakaanza upya. Katika siku zote za msiba ule, saa hiyo moja ndiyo ninayoikumbuka nikitaka kumwona baba mkubwa. Wasifu wake ulisomwa na katekista, sikumbuki hata neno. Mguu uliokuwa unaburuzwa naukumbuka.

Watani walipewa ruhusa hiyo kwa sababu: aliyefiwa hawezi kumsema marehemu wake na majirani wanaogopa, kwa hiyo pakawekwa mtu wa kuyasema yote, ubahili na pombe na majivuno, mbele ya watu, na hakuna aliyehesabu kwamba marehemu ametukanwa. Alikuwa amerudishwa nyumbani akiwa mzima kwa dakika chache. Sikuambii uvae koti la mjomba wako. Wewe ni mpwa, si mtani, na misa ina utaratibu wake. Ninachotaka umkumbushe mjomba mkubwa, kwa adabu, mkiwa wawili, ni kwamba kumtaja marehemu na udhaifu wake si jambo uliloleta wewe kutoka mjini.

Sasa kalamu. Ulanzi unatosha sentensi moja, na sentensi hiyo uiweke baada ya deni kulipwa, si kabla. Kitu kama hiki: "Alipenda ulanzi, na msimu wa ulanzi kazi za watu zilichelewa, aliyekuwa anamdai, familia imemlipa." Basi. Usiombe msamaha wala usieleze zaidi. Ukiificha, watu 200 waliokaa pale watakuwa wanaisema moyoni wakati wewe unasoma, na hawatakusikia unapofika kwenye ligombo. Ukiitamka, wataitikia kwa kichwa na kuendelea nawe.

Na pale palipoandikwa shughuli ndogondogo, usitafute neno kubwa la kuziba pengo. Usiandike "alikuwa msanii mahiri mwenye vipaji lukuki". Hilo nalo halimtaji mtu. Ulichoniandikia mimi ndicho wasifu wenyewe, na uliuandika bila kujua. Masikio ya babu. R inayotembea. Ukuta wa darasa la kwanza. Kanda tupu wakati wengine wananunua zilizojaa. Lori lenye tela kwa mtoto wa kike. Andika hivyohivyo, kwa urefu huohuo, na taja mahali: kinyozi gani, mashine ya kusaga ya kijiji gani. Mtu aliyeketi nyuma kabisa akisikia mashine ya kijijini kwao imetajwa atainua uso. Kama bango moja bado liko barabarani, waambie liko wapi, ili wakirudi nyumbani jioni walitazame. Tarehe za kuzaliwa na kuoa zibaki, ila zisichukue zaidi ya mistari minne.

Kabla hujaandika, nenda kwa mke wa mjomba. Hili ndilo nalitilia mkazo kuliko hata kanda. Ulilia kwenye banda lake la kuku, na alichokiona yeye ni mpwa wa mumewe aliyekuja kumhukumu. Huyu mama alikaa na mtu aliyeleta fedha leo na kesho hana. Nina hakika yapo mabango ambayo yeye ndiye aliyenunua rangi yake kwa fedha ya mayai. Mumewe amekufa, mvua za Mafinga unazijua, na baridi ya mwezi wa sita na wa saba huko inaua vifaranga. Alikuwa na mbao ukutani na kuku wanaokufa. Alichofanya ni kile ambacho mumewe mwenyewe alifanya maisha yake yote, kuchukua mabanzi yaliyotupwa na kuyapa kazi.

Kwa hiyo usiende mikono mitupu. Pitia kiwanda kimojawapo cha mbao, Mafinga imezungukwa na misindano ya Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini, mabanzi hayakosekani. Mnunulie mzigo wa kutosha ukuta mzima wa banda, na fundi wa siku moja. Umwambie unaomba kubadilishana, mbao mpya kwa zile zenye picha. Ukimwambia "naomba" badala ya "umeziharibu", nadhani atakuonyesha na nyingine usizozijua, chini ya kitanda au darini. Zilizooza ziache hapohapo, ila zipige picha kabla, siku ya mawingu ili jua lising'arishe rangi, ukiwa umesimama mbele yake sawasawa, si kwa pembeni. Weka rula kwenye ukingo wa picha ili siku moja mtu ajue ukubwa wake. Nyuma ya kila picha, au kwenye daftari, andika aliyeagiza na mwaka kama anaukumbuka. Atakaa na wewe jikoni akikutajia. Hayo mazungumzo ni nusu ya wasifu.

Kuhusu kuzichukua kanda kabla hazijatupwa, hapana. Najua unazipenda kuliko watoto wake. Lakini mirathi ya mjomba ina wenyewe, mjane na watoto, na kama mahakama imeteua msimamizi wa mirathi, vitu vyote viko mikononi mwake mpaka vigawanywe. Mpwa hana fungu humo, ana upendo tu, na upendo haufungui kabati la mtu. Omba kuazima. Andikeni karatasi, kanda 14, majina yake, tarehe ya kuchukua na ya kurudisha, mke wa mjomba asaini na wewe usaini. Yule mtoto anayesema zitupwe atatulia akijua zimehesabiwa. Na jambo hili uwaambie wote wawili: nyimbo alizotunga mjomba, kama zimo kwenye ile kanda ya kwaya, zina haki. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi haifi naye, inaendelea miaka 50 baada ya kifo chake, na inakwenda kwa warithi. Wale wazee wa ligombo nao wana haki yao kama wapigaji. Kwa hiyo usiziweke kwenye intaneti kesho yake kwa furaha. Tafuta kwanza familia ya yule mzee wa Kalenga. Watashukuru kusikia sauti ya babu yao, na huenda hawana hata picha yake.

Sasa kuzihamisha, maana najua unaogopa kuziharibu. Kabla ya kuziweka popote, geuza kila kanda utazame ukingo wa nyuma. Kuna vijipande viwili vya plastiki. Vivunje, ili mashine yoyote isiweze kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kama mjomba alikuwa mwangalifu utakuta ile ya "USIFUTE" ameshaivunja. Kisha itazame mikanda yenyewe kwenye mwanga. Ukiona vumbi jeupe kama unga ujue ni ukungu, na unyevu wa Mufindi unauleta sana. Hiyo usiipige kabisa, itachafua mashine na kuambukiza nyingine, itenge kwenye mfuko wake mpaka upate mtu anayejua kuisafisha. Zilizo safi, tafuta redio kaseti inayozunguka vizuri, siyo ya kwenye gari, zile humeza kanda. Safisha kichwa chake kwa pamba na spiriti. Anza na kanda unayoweza kuvumilia kuipoteza, usianze na ya Kalenga. Waya mmoja kutoka tundu la spika za masikioni hadi kwenye kompyuta, programu za bure za kurekodi sauti zipo, na uiache icheze mwanzo hadi mwisho, upande wa kwanza na wa pili, hata pale unaposikia ukimya. Hifadhi faili kubwa lisilobanwa, kisha ndipo utengeneze dogo la kutumiana kwenye simu. Nakala tatu, na zisikae nyumba moja. Kanda zenyewe zirudi Mafinga zikiwa zimesimama kama vitabu rafuni, mbali na spika, maana sumaku ya spika inazila.

Kazi hii haihitaji milioni mbili, mwanangu. Inahitaji wiki zako kadhaa za jioni. Kwa hiyo toa mchango wa malumalu, tena uutoe mapema. Kaburi ni la wazee na ni la mama yako, usiligeuze uwanja wa vita. Ila ukishatoa, una sauti ya kuomba jambo dogo. Fundi wa kaburi ataandika jina kwa herufi zake za kila siku, zinazofanana makaburi yote kutoka Mafinga hadi Makambako. Mwombe mjomba mkubwa herufi za jina zitoke kwa marehemu mwenyewe. Chukua karatasi nyembamba, ilaze juu ya mabango uliyoyakomboa, fuatisha kwa penseli herufi moja moja mpaka jina litimie, mpe fundi achonge kwa kufuata hiyo. Kama jina lina R, itabidi aache nafasi ya mguu. Sidhani mjomba mkubwa atakataa. Yeye pia amepanda mabasi hayo, na sidhani kama hakuwahi kuzihesabu.

Limebaki la likizo ijayo. Sitakudanganya kwamba hukupoteza kitu. Umepoteza. Mngekaa wawili na kompyuta, angekuambia huyu ni nani, huyu alikuwa amefiwa siku hiyo, hapa betri ziliisha tukaziweka juani. Hayo kwa mdomo wake huyapati tena. Lakini kifo chake hukukileta wewe, na kanda aliyokuomba uiokoe bado ipo. Na kuna jambo moja nimeliona ambalo huenda hukuliona kwa uchungu. Ulisikia "Kamwene", ukasikia kikohozi, ukazima. Mtu anayesafiri na redio kwenye shuka kwenda kurekodi wazee hasemi kamwene kwa kanda tupu bila sababu. Alikuwa anafungua. Nina imani kwamba baada ya kile kikohozi anataja siku, mahali na mtu aliyeketi mbele yake. Mazungumzo uliyoyakosa, mengine huenda aliyafanya mwenyewe mwaka 1989, akiwa kijana kuliko wewe ulivyo leo.

Usiisikilize peke yako garini. Nenda kwa mama yako, kaeni chini, mshikane, na uache ipite kikohozi. Majina mtakayoyasikia yaandike, kisha muulize mama nani kati yao bado yuko hai, na uwafuate hao kabla ya mwezi wa kumi, hata kama ni kupanda boda hadi mwisho wa barabara huko Kilolo. Wazee hawana likizo ijayo.

Na siku yenyewe, baada ya misa, mkiwa kaburini, usianze kusoma. Mwombe kijana mmoja aweke spika ndogo juu ya kiti, acheze sekunde zile za mwanzo tu. Mjomba wako atasema "Kamwene". Kuna watu pale, wazee hasa, watakaomwitikia kabla hawajakumbuka kwamba hayupo. Waache waitike wamalize, ndipo ufungue karatasi yako.

Shangazi